Nyayo Zaniwaka: Lugha ya Maumivu ya Ngozi na ya Misuli

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa muda mrefu niliichukulia kuwa na maana moja tu, kwamba maumivu ya mtu ni yake peke yake na hakuna mwingine awezaye kuyaonja. Sikuwahi kufikiri kwamba maiti huyo, lau angepewa nafasi ya kusema, huenda angeieleza adhabu yake kwa ufasaha wa kutosha, na kwamba kasoro ingekuwa kwa yule aliyetumwa kuipeleka habari. Makala haya yanahusu habari niliyotumwa kuipeleka mimi, nami nikaifikisha nusu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2018. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimerudi nyumbani likizoni katika kijiji chetu kaskazini mwa mji wa Kilifi. Wiki hiyo walikuja madaktari kutoka ng'ambo kuendesha kambi ya matibabu ya bure katika uwanja wa shule, na kwa kuwa hawakujua Kiswahili, walitafutwa vijana wa kuwafasiria. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nasoma Kiswahili na isimu chuoni, jambo ambalo mama yangu alilitangaza kwa mwenyekiti wa kamati kabla sijafungua kinywa. Nilipewa kiti cha plastiki, chupa ya maji na posho ya siku. Hadi adhuhuri ya siku ya pili nilikuwa nimekwisha kuwafasiria watu wapatao arobaini, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu.

Hapo ndipo zamu ya nyanya yangu, mzaa mama, ilipofika. Daktari alimwuliza alikuwa na shida gani. Nyanya hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akanena taratibu kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hataki asahau kitu:

"Mjukuu wangu, mwambie hivi. Nyayo zaniwaka. Zaniwaka na kunichonyota, kama niliyekanyaga ndimu na miguu ina mikwaruzo. Usiku shuka ikinigusa vidole nashtuka, utadhani nimeguswa na kaa la moto. Haya mapaja nayo yaniuma, lakini haya ni mavune tu, ni ya jembe. Hayo usimsumbue nayo daktari wa watu."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza: ana maumivu ya miguu.

Huo ndio uliokuwa ukalimani wangu. Maelezo yote yale, yenye vitenzi viwili teule, tashbihi mbili, na hata uchambuzi wa mgonjwa mwenyewe kuhusu lipi la kuzingatiwa na lipi la kupuuzwa, niliyamimina katika nomino moja. Daktari alimtazama mwanamke wa makamo ya miaka sabini, mkulima, mwenye maumivu ya miguu. Akafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufikia kwa habari hiyo. Alimpa vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua misuli. Tulipokuwa tukiondoka nyanya aliniuliza, "Umemwambia yote?" Nami nikamjibu, "Nimemwambia, nyanya."

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 nyanya alikuwa jikoni akikaanga mihogo. Kaa la moto lilidondoka kutoka jikoni, naye akalikanyaga kwa mguu mtupu, akaendelea kugeuza mihogo yake. Mtoto wa jirani aliyekuwa amekaa mlangoni ndiye aliyesema kuna kitu kinanuka. Kilichokuwa kikinuka ni ngozi ya unyayo wa nyanya. Yeye hakuhisi lolote. Kidonda kile hakikupona. Kilichimba, kikaoza, na hatimaye hospitalini akakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Huko ndiko alikopimwa sukari katika damu kwa mara ya kwanza, ikagunduliwa kwamba alikuwa na kisukari, na kwamba bila shaka alikuwa nacho kwa miaka mingi.

Muuguzi mmoja mpole alituonyesha jinsi wanavyopima miguu. Alichukua uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti, akamwambia nyanya afumbe macho, kisha akawa anaugusisha hapa na pale kwenye nyayo hadi uzi ukapinda. Uzi huo umetengenezwa ili upinde kwa uzito wa gramu 10. Kila alipoguswa nyanya alitakiwa aseme "ndiyo". Alinyamaza. Mimi nilikuwa nauona uzi ukipinda na kuinuka, ukipinda na kuinuka, na nyanya amefumba macho, anasubiri kuguswa. Muuguzi akauliza kama kabla ya hapo miguu haikuwahi kuwaka. Nyanya akasema, "Iliwaka sana. Nilimwambia daktari wa ile kambi."

Sikusema neno.

Niliporudi chuoni nilianza kwenda kusoma mahali ambapo wanafunzi wa idara yetu hatuonekani aghalabu, yaani upande wa vitabu vya fiziolojia katika maktaba. Mwanzoni nilitafuta kujua kwa nini nyayo ziwake moto kisha zife ganzi. Baadaye nilijikuta nikisoma jambo pana zaidi, ambalo naliona ni letu sisi wana-Kiswahili kama lilivyo la matabibu: namna neva za ngozi na neva za misuli zinavyotofautiana, na namna tofauti hiyo inavyotokeza katika maneno.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa ndilo shamba letu. Mwingereza Charles Sherrington, katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu mfumo wa neva, alihitaji jina la ncha zile za neva zinazoamshwa na kitu chenye kuumiza mwili. Hakuziita vipokezi vya maumivu. Alichukua kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kudhuru, akaunda neno ambalo kwa matamshi yetu tungeliandika nosiseta. Kwa hiyo tafsiri iliyo aminifu si "kipokezi cha maumivu", kama nilivyoandika katika tamrini yangu ya kwanza ya somo la tafsiri, bali "kipokezi cha madhara". Mhadhiri wangu alipoiona tafsiri ya pili alidhani najikweza. Lakini tofauti hiyo si ya mapambo. Ncha ya neva iliyo kidoleni haina maumivu. Ina habari tu kwamba pana joto kali, au mkandamizo, au asidi, au kemikali iliyomwagika kutoka katika seli zilizopasuka. Maumivu hutokea pale habari hiyo inapofika kwenye ubongo na kusomwa. Neva, kwa maneno mengine, ni mjumbe, na mjumbe anaweza kufikisha, kupotosha, kupiga kelele bila sababu au kunyamaza. Mtu aliyefanya nilichokifanya mimi hawezi kuisoma sentensi hiyo na asisite.

Mjumbe huyu ana umbo la ajabu. Kiwiliwili cha seli hakipo kidoleni wala kwenye ubongo. Kimejificha katika kinundu kilicho kando ya uti wa mgongo. Kutoka hapo hutoka uzi mmoja unaogawika pande mbili, upande mmoja ukiingia kwenye uti wa mgongo na mwingine ukisafiri hadi ngozini au msulini. Kwa mtu mzima, uzi uendao kidole gumba cha mguu hukaribia mita moja kwa urefu, nao ni mwembamba kuliko unywele. Nyuzi zibebazo habari za madhara ni za aina mbili kuu. Zipo zenye ala nyembamba ya mafuta, ambazo hupeleka habari kwa kasi ya takriban mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Na zipo zisizo na ala hiyo, ambazo kasi yake ni kama nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu akijikwaa kidole husikia kwanza mchomo mkali kama wa sindano, kisha, baada ya pumzi moja, linamfikia wimbi la pili la moto mzito linalomfanya aketi chini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Katika miaka ya 1960, huko Uppsala nchini Sweden, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walibuni njia ya kupenyeza sindano nyembamba mno ndani ya neva ya mtu aliye macho, ili wasikilize neva yake ikizungumza. Waliowafuata waliigeuza njia hiyo: badala ya kusikiliza tu, walipitisha umeme kidogo sana katika sindano ile, wakaiamsha neva, kisha wakamwuliza mtu huyo anahisi nini. Umeme ni ule ule. Hakuna aliyechomwa wala aliyekandamizwa. Lakini walipoziamsha nyuzi za ngozi zilizo na kasi, watu walisema wanadungwa; walipoziamsha nyuzi za ngozi za polepole, walisema wanaungua; na walipoziamsha nyuzi ziendazo kwenye misuli, walisema wanahisi kukazwa, kama mtu aliyekakamaa mguu usiku.

Nilipoisoma habari hiyo nilikifunga kitabu. Nyanya alikuwa amesema "zaniwaka" akimaanisha nyayo, na "mavune" akimaanisha mapaja. Alikuwa ametenganisha, kwa maneno mawili, makundi mawili ya neva. Hakuhitaji sindano wala umeme, alihitaji mkalimani.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kitenzi "kuwasha" kimenyambuliwa katika kauli ya kutendesha kutokana na "kuwaka". Mtu huwasha moto; pilipili huwasha ulimi; upele huwasha ngozi. Moto, pilipili na mwasho, vyote vitatu chini ya kitenzi kimoja. Mwaka 1997 kundi la David Julius katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilikuwa linatafuta kitu gani ndani ya neva hushikwa na kapsaisini, yaani kemikali iliyo katika pilipili. Walikipata: protini iliyokaa kwenye utando wa neva mfano wa mlango, ambayo leo huitwa TRPV1. Kapsaisini ikiigusa, mlango hufunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia, na neva hulipuka. Walipoijaribu kwa joto, mlango ule ule ulifunguka joto lilipopita nyuzi 43 hivi. Asidi nayo huufungua, na hapo ndipo ndimu ya nyanya inapoingia. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hata mwasho uletwao na histamini, kama ule wa kuumwa na mbu, huutegemea mlango huo kwa kiasi kikubwa. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, aliyegundua protini zinazohisi mguso na mkandamizo.

Sidai hata kidogo kwamba mababu zetu walijua habari za protini. Nimewahi kusikia katika makongamano yetu watu wakidai kwamba kila jambo la sayansi lilikwisha kusemwa na Kiswahili, nami huona haya kwa niaba ya lugha. Waingereza nao huiita pilipili kwa neno la joto. Tena upupu, ambao sisi wa pwani tunaujua kuliko tunavyopenda kuujua, huwasha kuliko mbu kumi, lakini njia yake si ya histamini. Una kimeng'enya chake kinachoamsha vipokezi vingine kabisa. Kitenzi chetu kimevikusanya pamoja vitu ambavyo mwili kwa sehemu umevitenganisha. Ninachosema ni kidogo zaidi: watu waliokuwa wakiungua, wakila pilipili na wakijikuna kwa karne nyingi waliusikiliza mwili wao vizuri, wakaweka kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ina thamani kwa mtu anayetaka kujua neva gani inalia.

Ama misuli ina msamiati wake. Hakuna asemaye paja linamwasha kwa ndani ya mnofu, na hakuna, kwa kweli, mwasho wa msuli. Mwasho ni wa ngozi na tando laini kama za macho na pua. Hakuna mavune ya ngozi. Misuli huuma, hukaza, huvuta, hukakamaa. Na ajabu yake ni kwamba mwenye maumivu hayo hawezi kuyawekea kidole. Mwulize aliyechomwa na mwiba, atakuonyesha nukta. Mwulize mwenye kuumwa na msuli wa bega, atapitisha kiganja kizima kuanzia shingoni hadi kwenye kiwiko na kusema "huku kote". Mwaka 1938 huko London, Jonas Kellgren alidunga maji ya chumvi nyingi katika misuli ya watu waliojitolea, akachora mipaka ya maumivu waliyoyahisi. Maumivu yalienea, yakahama, yakatokea mahali palipo mbali na sindano. Neva za msuli ni chache kuliko za ngozi, na habari zake zikifika kwenye uti wa mgongo hukutana na habari za sehemu nyingine katika seli zile zile, hivi kwamba ubongo haupati anwani kamili.

Vipokezi vyenyewe pia vina milango ya aina tofauti kwa uwiano tofauti. Misuli inayofanya kazi bila damu ya kutosha hujaa asidi, na neva zake zina milango maalumu inayohisi badiliko dogo sana la asidi. Mmoja wa milango hiyo huitwa ASIC3. Mwaka 2003 iliripotiwa kwamba panya wasio na jeni ya mlango huo hawakupatwa na ule usikivu wa maumivu wa muda mrefu ambao huwapata panya wengine wanapodungwa asidi msulini mara mbili. Kisha mwaka 2014, huko Utah, watafiti waliwadunga watu katika msuli mdogo wa kidole gumba cha mkono vitu vitatu ambavyo msuli huvitoa ukichoka: asidi, lakteti, na ATP, ile sarafu ya nguvu ya seli. Kila kimoja peke yake, kwa kiwango kile, hakikuleta hisia ya maana. Vilipochanganywa vyote vitatu kwa kiwango cha chini watu walisema msuli umechoka. Kwa kiwango cha juu walisema unauma. Yaani uchovu nao una vipokezi vyake, na unapakana na maumivu kama vitongoji viwili visivyo na ua katikati.

Lakini mavune aliyoyasema nyanya, yale ya siku ya pili baada ya kulima, si hayo. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ni asidi ya laktiki iliyobaki misulini. Si kweli, asidi hiyo huondoka katika muda wa kama saa moja. Mavune hufika kilele kati ya siku moja na tatu baadaye, hasa pale msuli ulipofanya kazi huku ukirefushwa, kama vile kuteremka mlima au kulishusha jembe. Watafiti wa Japani walionyesha kwa panya, mwaka 2010, kwamba msuli uliofanyishwa kazi ya namna hiyo hutoa kwa wingi protini ile ile ambayo ugunduzi wake ulimpa Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986, protini inayokuza neva, na kwamba hiyo huvifanya vipokezi vya msuli viwe vyepesi wa kuamka. Msuli ukiguswa au ukinyoshwa unauma, ukitulizwa unanyamaza, baada ya siku chache umesahau. Nyanya aliyajua hayo yote alipotamka "ni mavune tu". Neno "tu" lilikuwa utambuzi wa maradhi.

Hapa nitaomba radhi kwa kuchepuka, kwa kuwa mnyama ninayetaka kumtaja ni mwenzetu. Katika nyanda kame za Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana, anayeishi chini ya ardhi katika makundi makubwa yanayotawaliwa na malkia mmoja kama nyuki. Huko mashimoni hewa ni nzito, imejaa kaboni dioksidi, ambayo kwa kiumbe mwingine ingeyachonyota macho na pua. Mwaka 2008 Thomas Park wa Chicago, Gary Lewin wa Berlin na wenzao waliripoti kwamba asidi ikidungwa katika unyayo wa fuko huyu hajali, na kapsaisini vile vile hajali, ingawa akichunwa au akibanwa huumia kama panya yeyote. Mlango wa TRPV1 anao, lakini habari haifiki inakotakiwa. Fuko huyu hana hasara kwa kuwa shimoni mwake hamna moto wa mkaa.

Nyanya alikuwa nao. Kisukari kilichokaa muda mrefu bila kutibiwa huzidhuru neva, na huanza na zile ndefu zaidi, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia na ganzi hupanda taratibu kama soksi. Nyuzi nyembamba zilizo katika ngozi ndizo mara nyingi za kwanza kulia. Zinapoharibika hazinyamazi mara moja. Hufyatua habari za moto mahali pasipo na moto, na mguso wa shuka husomwa kama madhara. Kuwaka kule kwa nyayo kulikuwa sauti ya nyuzi zinazokufa. Baada ya hapo huja kimya, na kimya ndicho cha hatari. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha habari za familia za kaskazini mwa Pakistani ambazo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kuhisi maumivu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya kasoro katika jeni moja inayojenga mlango wa sodiamu wa neva hizi. Mvulana wa kwanza aliyewavutia watafiti alikuwa akijipatia riziki mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Nao watengenezaji wa dawa waliojaribu kuufunga mlango wa TRPV1 ili kuondoa maumivu walikuta joto la mwili wa wagonjwa likipanda, na wengine wakishindwa kutambua kitu cha moto kilichotosha kuwaunguza.

Sitaki kumsingizia mtu. Sijui kama daktari yule angekisia kisukari lau ningemwambia nyayo zinawaka usiku na shuka inauma. Nadhani angekisia, kwa kuwa nimekwisha kusoma vitabu anavyosomea, na maneno hayo yamo humo karibu kama yalivyotoka kinywani mwa nyanya. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 yaliyopangwa katika makundi 20, ili mgonjwa achague: kuungua ni kundi lake, kukazwa ni kundi lake, kupwita ni kundi lake. Alifanya hivyo kwa sababu alitambua kwamba swali la "maumivu ni makali kiasi gani" halitoshi. Lazima kuuliza ni maumivu ya namna gani. Nilipoiona orodha hiyo nilichukua karatasi, nikaandika ya kwetu bila kufungua kamusi: kuwaka, kuwasha, kuchoma, kuchonyota, kudunga, kupwita, kuwanga, kufukuta, kukeketa, kusokota, kukaza, kuvuta, kichomi, kiungulia, mavune, ganzi. Niliyajua yote tangu kabla ya kuanza shule. Nilikuwa nayo kinywani siku ile uwanjani, nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Tatizo, nadhani, lilikuwa namna nilivyofunzwa kuistahi nomino dhahania. Katika insha zetu "maumivu" linaonekana neno la kisomi, na "kuchonyota" neno la jikoni. Nilipomfasiria nyanya nilikuwa namsafisha. Nilitaka daktari amwone mwanamke mwenye tatizo la kitabibu, asimwone kikongwe anayesema habari za ndimu na makaa. Hilo nalikiri mbele ya wenzangu wa chama hiki, kwa kuwa nashuku si mimi peke yangu.

Mwaka jana nilimwambia nyanya ukweli. Tulikuwa barazani, amenyosha miguu juu ya mkeka. Nilimweleza nilichokisema kwa daktari siku ile, neno kwa neno, na nisichokisema. Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Kwani kwa Kizungu hakuna kuchonyota?" Nikamwambia kunalo neno, na nilikuwa nalijua. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi ulikuwa na haraka." Akaniomba nimpe kioo.

Kioo hicho kidogo ni cha kutazamia nyayo. Alifundishwa hospitalini azikague kila jioni, kwa kuwa hawezi tena kuzitegemea zimwambie zikijeruhiwa. Siku hizi kila nikienda nyumbani, ama nikipiga simu na binamu yangu akamshikia, jambo la kwanza ninalomwuliza si kama ana maumivu. Namwuliza, "Nyayo zasemaje leo, nyanya?" Siku nyingine hunijibu kwamba ule wa kulia wamdunga kwenye kisigino, au kwamba mashavu ya miguu ni mavune ya safari ya sokoni, nami huandika katika daftari, tarehe na kitenzi.

Jumapili iliyopita aliniambia, "Leo zimenyamaza." Nikamwomba binamu yangu alete taa.